Mama atalala wapi Dubai?

Shikamoo dada,

Mimi ni mtoto wa mwisho katika familia ya watoto wanne, na ndiye ninayeishi na mama yetu hapa Muheza. Mama ana miaka 64. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu. Dada yetu anaishi Hamburg, Ujerumani, na mwezi ujao anatarajia kujifungua mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo mama anakwenda kumkanda mzazi. Visa ya Schengen ameshapata na bima ya safari anayo. Hajawahi kupanda ndege, hata ya kwenda Zanzibar.

Kaka yetu wa Dar ndiye aliyekata tiketi kwenye mtandao. Ndege inaondoka Dar saa 10:45 jioni na kufika Dubai usiku, saa 5:15 za kule. Ya kwenda Hamburg inaondoka kesho yake saa 2:35 asubuhi. Hapo katikati kuna zaidi ya saa tisa. Nilipomuuliza kaka mama atalala wapi, alisema watu wote wa transiti hulala vitini, nisikuze mambo.

Kosa langu ni kwamba nilimwambia mama hivyo hivyo, bila kupamba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na nne, leo nikalale uwanjani ugenini kama mtu asiye na kwao?" Tangu siku hiyo hataki kuzungumzia safari. Doti mbili za khanga alizokuwa ameshaziweka kwenye begi kwa ajili ya mtoto amezitoa, zimerudi kabatini.

Na mimi nina hofu zangu. Mama ana kisukari, anajichoma insulini kila siku saa tatu usiku na anameza vidonge. Magoti yanamsumbua, ana dawa ya maumivu aliyopewa hospitali. Kiingereza anakijua cha kusoma na kuandika, ila akisemeshwa haraka anababaika. Simu anayo, lakini anachojua ni WhatsApp tu.

Nisaidie dada. Alale wapi pale, na ataamkaje? Akiibiwa je? Hivi hakuna hoteli ambayo shirika linatakiwa kumpa? Nimekutumia na picha za tiketi. Zilikuja kwa barua pepe mbili tofauti, kaka anasema ni kwa sababu ni mashirika mawili, na kwa njia hiyo aliokoa karibu shilingi laki tatu.

Binti wa Mwalimu, Muheza

*

Marahaba mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na picha za tiketi nimezitazama zaidi ya hapo. Umeniuliza habari za usingizi na nitakujibu. Lakini sentensi yako ya mwisho, ile ya barua pepe mbili, ndiyo iliyonishtua, na lazima nianze nayo. Kama hilo halitarekebishwa, mama hatafika hata kwenye hivyo viti vya Dubai.

Nilifanya kazi ya kaunta ya abiria kwa miaka 14. Kitu cha kwanza nilichokuwa nikitazama kwa abiria wa mbali ni namba ya uhifadhi, ile yenye herufi na tarakimu sita. Namba ikiwa moja kwa safari nzima, abiria ana tiketi moja, hata kama atapanda ndege za mashirika mawili. Begi lake litapokelewa Dar na kutolewa Hamburg. Ndege ya kwanza ikichelewa akaikosa ya pili, ni juu yao kumtafutia nyingine. Namba zikiwa mbili, kama zilivyo kwenye picha ulizonitumia, basi kaka yako amenunua safari mbili zisizojuana. Kwa mujibu wa shirika la kwanza, safari ya mama inaishia Dubai. Habari za Hamburg wao hawana.

Sasa fikiria mama amesimama pale Julius Nyerere, jengo la tatu, na pasipoti yake ya Tanzania. Mhudumu anaangalia kompyuta: abiria anaishia Dubai. Ukiwa na pasipoti yetu unahitaji visa ya Falme za Kiarabu kabla ya kuondoka nyumbani. Mama hana, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba anaingia Dubai. Mashirika hutozwa faini yakimbeba mtu asiye na hati za kuingia anakokwenda, kwa hiyo mhudumu, hata awe na huruma kiasi gani, anaweza kumkatalia hapo hapo. Nimewahi kumrudisha baba mmoja kwa sababu hiyo hiyo. Wanawe walikuwa wamemsindikiza na gari mbili. Yule mzee hakunigombeza, alikunja karatasi zake taratibu akazirudisha kwenye bahasha. Nikikumbuka mikono yake ile, hadi leo roho inaniuma.

Tuseme bahati ikamwendea, mhudumu akakubali kumpandisha. Begi lake kubwa litatoka Dubai kwenye mkanda wa mizigo, na mkanda uko nje ya uhamiaji, asikoweza kufika bila visa. Yeye atakuwa upande mmoja wa ukuta na begi upande wa pili.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote lingine, mpigie kaka yako leo. Usimlaumu. Amehangaikia tiketi ya mama kwa moyo mzuri, na tovuti nyingi zinazouza tiketi za namna hii huficha onyo lake katika maandishi madogo. Mwambie aombe kubadilisha au kurudishiwa fedha, kisha anunue safari nzima, Dar hadi Hamburg, kwa namba moja. Atapoteza kiasi fulani. Njia nyingine ni kumkatia mama visa ya Dubai, atoke na begi, atafute hoteli na teksi usiku wa manane peke yake, na alfajiri arudi kupanga foleni upya kama anayeanza safari. Kwa mtu wa miaka 64 mwenye sukari na magoti, anayepanda ndege kwa mara ya kwanza, mimi siwezi kukushauri hivyo, na nafuu ya laki tatu itamezwa na gharama hizo.

Akitafuta tiketi mpya, asidhani bei ndogo ndiyo kila kitu. Njia ya London aiache: Mtanzania kwa kawaida huhitaji visa ya Uingereza hata kwa kupita tu. Njia ya Addis Ababa inafaa kuangaliwa. Saa za kule ni sawa na zetu kabisa, na Wahabeshi huhesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza, jambo ambalo mama atalipenda. Ila mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, usiku kuna baridi ya kweli, sweta asiache.

Na hapa ndipo swali lako la hoteli linapopata jibu. Shirika halidaiwi hoteli kwa sababu tu abiria anasubiri usiku. Lakini Ethiopian, Emirates na mengine makubwa yana mpango wa kumlaza abiria wa transiti ndefu bila malipo, kwa sharti kwamba tiketi ni moja na hakukuwa na ndege nyingine ya kuunganisha mapema zaidi. Masharti hutofautiana kwa aina ya tiketi, na wengine wanataka uombe mapema kabla ya safari. Kaka aulize swali hilo kabla ya kulipa, na jibu alipate kwa maandishi. Huenda tiketi iliyozidi kidogo kwa bei ikawa na kitanda ndani yake.

Tuchukue sasa kwamba tiketi imekuwa moja, njia imebaki Dubai, na hoteli ya bure hakuna. Siku ya safari, pale Dar, begi likishapimwa mhudumu atalifunga karatasi yenye herufi tatu kubwa. Wewe au kaka yako zisomeni kabla begi halijaondoka. Zinatakiwa ziwe HAM, yaani Hamburg. Zikiwa DXB, begi linaishia Dubai. Mwambie mhudumu palepale. Ombeni pia apewe pasi zote mbili za kupandia ndege hapohapo Dar, asiende kuhangaikia ya pili ugenini.

Jambo la pili, agizeni kiti cha magurudumu. Najua mama atasema yeye si mgonjwa. Mwambie, kwa heshima zote, kwamba kiti hicho hakiangalii ugonjwa peke yake. Jengo la tatu la Dubai ni refu kuliko mtu anavyoweza kulifikiria akiwa nyumbani, lina sehemu zinazounganishwa kwa treni, na kutoka mlango mmoja hadi mwingine mtu mwenye magoti mazuri huchoka. Anayesukuma kiti ndiye anayejua njia. Atamvusha kwenye ukaguzi, atampeleka anakosubiri, na asubuhi atakuja mtu kumpeleka getini. Huduma hii ni bure. Ulaya kuna sheria kabisa, ya mwaka 2006, inayoutaka uwanja umsaidie abiria wa namna hiyo bila malipo, na huombwa angalau saa 48 kabla ya safari. Kwa mama yako ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote nitakavyokutajia, kwa sababu kinaondoa hofu mbili kwa mpigo: kupotea, na kusemeshwa haraka na watu asiowajua.

Kuhusu mahali pa kulala. Ndani ya eneo la transiti, bila kupita uhamiaji na bila visa, kuna hoteli yenye vyumba vya kweli, na kuna vijumba vidogo vya kulala vinavyokodishwa kwa saa. Bei yake si ndogo. Lakini ninyi ni watoto wanne, na huyo ni mama yenu. Kama mnaweza kuchanga, mchukulieni chumba kwa saa chache na mkilipie mapema mtandaoni ili afike na jina lake liko tayari. Aoge, ajinyooshe, mguu uliokaa angani saa tano na nusu upumzike kabla ya safari nyingine ndefu. Nisingekuwa na wasiwasi na kijana. Kwa mama ningechanga.

Kama fedha haitoshi, viti vinatosha, na sikuambii hivyo kwa kukufariji. Nimelala pale mwenyewe mara tatu. Taa haziwaki nusu, watu wanapita usiku kucha, maduka hayafungwi. Utakuta bibi wa Kihindi na wajukuu wake, mahujaji, wafanyabiashara wa Kariakoo wanaotoka Guangzhou na mabegi yao, wazungu wazee waliovua viatu. Hakuna anayemtazama mwenzake kama asiye na kwao, maana kila mmoja pale ana tiketi ya kwenda kwa watu wake. Mama atafute safu ya viti karibu na familia zenye watoto au karibu na kaunta yenye wahudumu. Kona ya giza na kimya inavutia kwa usingizi, lakini mtu akiwa peke yake asiikimbilie. Vyumba vya kuswalia viko vingi, vya wanawake mbali na vya wanaume, na pa kutawadha papo. Aende kuswali na kutulia, ila asifanye kitanda, wenzake watataka nafasi.

Ubaridi wa viyoyozi unashangaza watu. Nje Dubai inaweza kuwa joto la kuunguza, ndani ukatetemeka. Zile khanga zilizorudi kabatini, doti moja aibebe mkononi: kipande cha kujifunika, kipande cha kukunja kiwe mto. Soksi nzito pia. Pasipoti, pasi ya kupandia na fedha vikae kwenye kipochi cha shingoni, ndani ya nguo, na mkanda wa begi la mkononi aupitishe mguuni au mkononi anapofumba macho. Wizi pale si jambo la kila saa, kamera zimejaa, lakini pasipoti iliyobaki kitini mtu anapokwenda msalani huharibu safari sawasawa na iliyoibwa. Msalani aende na kila kitu.

Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo watu wetu wengi wanapokosea. Uwanja wa Dubai ni wa kimya. Hawatangazi kila ndege kwa kipaza sauti kama ulivyozoea kusikia stendi au viwanja vingine. Ukilala, hakuna sauti itakayokuita kwamba Hamburg wanapanda. Kinachosema ni skrini. Na tiketi yake haikuandikwa saa 2:35. Wewe uliitafsiri vizuri kwenye barua, lakini kwenye karatasi pameandikwa 08:35. Mtu mzima aliyezaliwa na saa za Kiswahili, akiwa amechoka, usingizi ukiwa machoni, akiona nane mbele ataisoma saa nane, atajiambia muda upo tele, atarudisha kichwa kwenye khanga. Nimeshuhudia abiria wakija kaunta wametulia kabisa, wamewahi kwa hesabu yao, ndege ikiwa imeondoka saa sita nyuma. Na wengi wao walikuwa wasomi.

Juu ya hilo ongeza kwamba Dubai iko mbele yetu kwa saa moja. Simu ikishika mtandao itajibadilisha yenyewe, saa ya mkononi haitajibadilisha, na mama atakuwa na saa mbili zinazobishana. Kwa hiyo chukua karatasi ngumu, andika kwa kalamu nene, kwa mwandiko ambao hata bila miwani unasomeka: saa za kwenye skrini upande mmoja, saa za Kiswahili za Dubai upande wa pili. Andika 08:35, mbele yake saa mbili na dakika thelathini na tano asubuhi, ndege inaondoka. Andika 07:15, mbele yake saa moja na robo asubuhi, niwe nimekaa getini. Andika 05:30, saa kumi na moja na nusu alfajiri, niamke. Mama ni mwalimu. Mpe karatasi hiyo aisahihishe mwenyewe, na mfanye zoezi la kusoma saa hizo mpaka asibabaike. Saa ya mkononi airekebishe mara tu ndege inapotua. Kengele ya simu itegwe mara mbili, na kama kuna familia jirani imekaa vizuri, awaambie kwa kuonyesha pasi yake kwamba naye anaamka alfajiri. Watu wa safari huamshana.

Akiamka, kabla ya kutembea kwenda popote, atazame skrini tena. Namba ya geti aliyopewa usiku inaweza kuwa imebadilika. Atafute Hamburg na namba ya ndege yake, asitafute saa peke yake.

Upande wa dawa, mpeleke kliniki wiki hii, usingoje ya mwisho. Saa tatu usiku ya Muheza, wakati wake wa sindano, ni saa nne usiku ya Dubai, na wakati huo atakuwa bado angani; kutua ni saa 5:15. Daktari wake ndiye wa kuamua kama ajichome ndani ya ndege au asubiri atue, na afanyeje Hamburg, ambako saa ziko nyuma yetu. Muombe barua ya Kiingereza inayotaja ugonjwa, insulini, sindano na kila kidonge kwa jina. Insulini isiwekwe kabisa kwenye begi kubwa, kule chini ya ndege inaweza kuganda ikaharibika. Ikae mkononi pamoja na barua, na aionyeshe mwenyewe kwenye ukaguzi bila kusubiri kuulizwa. Abebe pia tende, biskuti na peremende, kwa sababu sukari ikishuka saa tisa usiku asianze kutafuta duka. Asikae kitini saa zote; kila baada ya muda ainuke, atembee kidogo, miguu isivimbe.

Ile dawa ya magoti, soma jina lake leo. Ikiwa ni tramadol au ina kodeini, muulize daktari ambadilishie. Falme za Kiarabu zina sheria kali sana juu ya dawa hizo, na hata mtu wa kupita sipendi awe nazo bila karatasi.

Chupa ya maji aibebe tupu, aijaze ndani kwenye mabomba ya maji ya kunywa. Chochote cha majimaji kinachozidi mililita 100 kitachukuliwa kwenye ukaguzi, kwa hiyo mafuta ya nazi ya kumkandia mzazi yaingie begi kubwa. Samli msimfungie: bidhaa za maziwa na nyama kutoka nje ya Ulaya haziruhusiwi kuingia, na itauma kuona anapokonywa samli aliyoipika mwenyewe. Chaja ya nyumbani itafanya kazi, matundu ya ukutani Dubai ni ya pini tatu kama yetu. Powabanki ikae mkononi, hairuhusiwi kwenye begi la chini. Dola chache za noti ndogo zinamtosha kununua chai.

Na mawasiliano, hili mweleze vizuri kabla hajaondoka. Waifai ya uwanjani ni bure. Lakini Falme za Kiarabu huzuia kupiga simu kwa WhatsApp. Mama atapiga, haitaita, atadhani amefanya kosa au ninyi mmepatwa na jambo. Meseji na sauti za kurekodi zinapita vizuri. Kubalianeni kwamba akitua arekodi neno moja tu, nimefika, na wewe uwe macho umjibu papo hapo kwa sauti yako. Alfajiri, ukiwa umeamka, mtumie sauti nyingine. Saa 10:30 ya alfajiri kwako ni 11:30 kwake, ndiyo saa ya kengele yake.

Nimeacha la mwisho lile linalokuumiza zaidi, maneno aliyoyasema mama. Sidhani alikuwa anazungumzia kiti. Mtu aliyeheshimiwa maisha yake yote, anayeitwa mwalimu kila anapopita, anaambiwa atakuwa mahali ambapo hakuna anayelijua jina lake, usiku, kwa lugha ya watu. Anaogopa, na kwa umri wake si rahisi kusema mbele ya mtoto kwamba naogopa. Akasema kuhusu heshima, kwa sababu heshima ndilo neno alilokuwa nalo karibu. Kwa hiyo usirudi kwake na hoja za kumshinda. Tiketi ikishakuwa moja, nenda nayo, kaa naye chini, mchoree kwenye karatasi usiku mzima ulivyo: hapa unashuka, huyu anakupokea na kiti, hapa unaswali, hapa unalala, hapa unakunywa chai, hili ndilo geti. Muache aulize. Mwombe dada yako wa Hamburg naye amrekodie sauti, amwambie amemwandalia wapi pa kulala na atasimama wapi kumpokea. Halafu fungua kabati, zitoe zile khanga, na umuulize mama ni doti ipi ya mtoto na ipi ya safari.

Picha za tiketi mpya ukishazipata nitumie kabla kaka hajalipa. Nitaziangalia siku hiyo hiyo.